Mpiga Kinanda Naye Hula Ugali



Leo nina neno ambalo wengine halitawapendeza, hasa wachungaji wenzangu na wazee wa kanisa. Linaanza nyumbani kwangu, kwa hiyo asiseme mtu kwamba pasta ananyooshea wengine kidole.

Tulikuwa na kijana aliyetupigia kinanda hapa Nakuru kwa miaka mitatu. Jina lake nalificha. Alikuwa anakaa Kaptembwo. Alhamisi jioni yuko mazoezini, Ijumaa yuko keshani, Jumapili anafika kabla mlinzi hajafungua lango, maana ibada ya kwanza ni saa mbili na ya pili huisha saa nane. Mara nyingi alikuja kwa miguu. Sadaka ikiwa nzuri mtunza hazina alimpa shilingi 300 za nauli. Sadaka ikiwa mbaya tulimshika bega tukamwambia, "Mungu atakulipa."

Alikuwa na kijitabu cha kurasa za kopi, zimekunjwa pembe zote. Kabla watu hawajaingia alikifungua akapiga vitu vyake polepole, noti moja moja, kama mtu anayehesabu shanga. Siku moja nikamuuliza, "Huo ni wimbo gani?" Akasema, "Ni wa Bach, pasta." Nikamwambia aachane na mambo ya wazungu waliokufa, hapa tunataka upako. Akacheka kidogo, kwa heshima, akafunga kijitabu.

Jambo moja sikulijua siku hiyo. Mnajua kwetu Wapentekoste pambio halipangwi. Mama mmoja anaguswa na Roho kule nyuma, anainua wimbo kwa sauti yoyote aliyoipata, na mpiga kinanda lazima amfuate. Wapiga kinanda wengi mjini hapa wanajua kupiga ufunguo mmoja tu, kwa hiyo utawaona wanakimbilia kile kitufe cha kuhamisha sauti, wanabonyeza mara mbili, mara tatu, na wimbo umeshafika kiitikio. Yule kijana hakukigusa kitufe hicho hata siku moja. Mama akianza popote, vidole vyake viko pale. Nilidhani ni kipaji tu. Kumbe Bach, mwaka wa 1722, alikamilisha kitabu cha mazoezi kinachopita katika funguo zote 24 za muziki, kubwa na ndogo, bila kuruka hata moja, na zile kurasa za kopi zilitoka humo. Nilikuwa nikimkataza kijana kitu kilekile kilichokuwa kikiibeba ibada yangu.

Sasa sikilizeni alivyoondoka. Alikuja mbele ya baraza la wazee akasema kodi ya nyumba imemshinda, akaomba kanisa limsaidie kitu kidogo kila mwezi. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye kiti. Mzee mmoja akatoa methali, kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwingine akamwambia atumike kwanza, mbingu zitafunguka. Tukafunga hoja yake kwa maombi, tena maombi marefu. Kisha katika kikao hichohicho tukapitisha pesa za kununua spika mbili mpya.

Baada ya wiki mbili hakuonekana. Tukasikia anapiga piano wikendi katika hoteli moja Naivasha, analipwa kila usiku kuliko tulivyompa kwa mwezi. Jumapili iliyofuata nilishika maiki nikaliongoza kanisa zima kumwombea kijana wetu aliyerudi nyuma.

Ndipo nikaanza kusoma habari za huyu Bach. Sitawadanganya, nilianza kwa hasira, nijue ni nani aliyempotosha mtoto wetu. Nikakuta ni mtumishi wa kanisa.

Johann Sebastian Bach alizaliwa Eisenach, Ujerumani, mwaka wa 1685. Mama yake alikufa 1694, baba yake mwaka uliofuata, naye kijana hajatimiza miaka 10. Akalelewa na kaka yake aliyekuwa mpiga ogani. Ogani si kinanda hiki chetu cha kuchomeka kwenye stima. Ni kinanda chenye mabomba mamia kwa mamia, kinajaza ukuta mzima wa kanisa, na enzi zile walikuwepo watu nyuma yake wanaokanyaga mivukuto kama ya mhunzi ili hewa iingie mabombani. Mpigaji anatumia mikono na miguu. Bach akiitwa kukagua ogani mpya, kitu cha kwanza alifungua sauti zote kwa pamoja, akisema anataka kujua kama ina mapafu mazuri. Mtu wa namna hiyo ningependa aje akague mafundi wa vyombo vya sauti mjini hapa.

Akiwa na miaka 18 alipata kazi ya mpiga ogani katika mji wa Arnstadt. Mwishoni mwa 1705 aliomba ruhusa ya wiki nne aende Lübeck kumsikia mpiga ogani mkubwa wa wakati huo, mzee Buxtehude. Inasimuliwa kwamba alikwenda kwa miguu, na ni kilomita kama 400. Hebu fikirini kijana atoke Nakuru mjini, apite Gilgil, apite Naivasha, ashuke Nairobi, aendelee mpaka karibu na Mtito Andei, ili tu amsikie mtu akipiga kinanda. Alikaa huko karibu miezi minne. Aliporudi baraza la kanisa likamweka kitako. Wakamuuliza alikuwa wapi. Wakamlaumu pia kwamba anaweka noti za ajabu ndani ya nyimbo za kanisa mpaka waumini wanachanganyikiwa. Baadaye wakamuuliza tena kwa ruhusa gani alimruhusu msichana mgeni aimbe kule juu kwenye ogani. Akajibu kwamba alikuwa amemwambia mchungaji.

Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Baraza lile lingeweza kukaa Bahati, au Njoro, au kwangu. Noti za ajabu! Ni maneno yaleyale tunayowaambia vijana wetu.

Wala simtakasi. Hapo Arnstadt aliwahi kugombana usiku barabarani na mwanafunzi wake mmoja mpaka akachomoa upanga. Baadaye, akiwa Weimar, alisisitiza kuacha kazi kwa ukaidi kiasi kwamba mtawala alimfunga jela karibu wiki nne, kuanzia tarehe 6 Novemba hadi 2 Desemba 1717. Hakuwa mtu rahisi. Wanamuziki wengi si watu rahisi, na sisi wahubiri je?

Mwaka wa 1723 akaenda Leipzig kusimamia muziki katika makanisa makubwa ya mji. Hakuwa chaguo la kwanza. Baraza la mji lilimtaka Telemann, akakataa. Likamtaka Graupner, mwajiri wake hakumwachilia. Mjumbe mmoja akasema kwamba kwa kuwa walio bora hawapatikani, itabidi kuridhika na wa wastani. Huyo wa wastani ndiye Bach. Alikaa pale miaka 27 mpaka kufa kwake. Miaka ya mwanzo alikuwa akitunga karibu kila wiki ibada nzima ya muziki yenye waimbaji na vyombo, inaandikwa, inanakiliwa kwa mkono, inafanyiwa mazoezi, na Jumapili inaimbwa. Zimebaki kama 200. Mimi kuandaa mahubiri mapya kila wiki kunanitoa jasho, na mengine, Mungu anisamehe, ni ya mwaka juzi nimeyabadilisha kichwa.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe.

Mwezi Agosti 1730 Bach aliliandikia baraza la Leipzig waraka kuhusu muziki wa kanisa. Hakuandika kwa lugha ya kubembeleza. Alisema kila kwaya inahitaji angalau waimbaji 12, na ingefaa wawe 16. Akawapanga vijana wa shule aliyokuwa nao katika mafungu: 17 wanafaa, 20 bado hawajafaa, 17 hawafai kabisa. Mwenye kuongoza kwaya yoyote hapa bonde la ufa atalitambua hilo gawio! Lakini kiini cha waraka ni pesa. Anawaambia waende Dresden, wakaone jinsi mfalme anavyowalipa wanamuziki wake. Mtu aliyeondolewa wasiwasi wa chakula, anasema, na anayeshughulika na chombo kimoja tu, lazima atapiga vizuri. Hawa wa kwetu kila siku wanawaza watakula nini, watapata wapi muda wa kuwa hodari?

Mwezi Oktoba mwaka huohuo alimwandikia rafiki yake wa utotoni, Georg Erdmann, akitafuta kazi kwingine. Anaeleza kwamba sehemu ya mapato yake hutegemea ada za mazishi. Wakifa watu wengi, anapata zaidi. Hewa ikiwa nzuri na watu wakiwa na afya, anakula hasara, na mwaka uliotangulia alikuwa amepoteza zaidi ya thaler 100, hiyo ndiyo pesa yao, kwa sababu watu hawakufa vya kutosha. Msimhukumu haraka. Alizaa watoto 20 kwa wake wawili, wa pili akimwoa baada ya wa kwanza kufariki, na 10 tu ndio waliokua wakubwa. Hapa kwetu najua wapiga vyombo ambao Ijumaa wanapiga simu kuulizia kama Jumamosi kuna mazishi Subukia au Molo. Hawapendi kifo cha mtu, wanatafuta unga.

Na huyu mtu wa kulalamikia pesa, tazameni karatasi zake. Mara nyingi juu ya utunzi wa ibada aliandika herufi mbili, J.J., ufupisho wa maneno ya Kilatini ya kumwomba Yesu msaada. Mwishoni aliandika S.D.G., yaani utukufu ni wa Mungu peke yake. Biblia yake yenye maelezo ya Calov ipo mpaka leo, imehifadhiwa katika chuo cha theolojia cha St. Louis, Marekani. Penye 2 Mambo ya Nyakati 5, pale waimbaji na wapiga tarumbeta walipotoa sauti moja na wingu likaijaza nyumba ya Bwana, Bach ameandika pembeni kwa mkono wake kwamba panapokuwa na muziki wa ibada Mungu yupo na neema yake. Tena wengine wetu tunasema muziki wa kuandikwa kwenye karatasi hauna Roho! Mtu yuleyule alidai mshahara wake na akaandika jina la Yesu juu ya kazi yake. Kumbe mambo hayo mawili yanakaa ndani ya moyo mmoja bila kugombana.

Nimefika kwenye Biblia sasa. Fungueni Nehemia 13, mstari wa 10. Nehemia anarudi Yerusalemu anakuta waimbaji na Walawi hawapo hekaluni. Wamekimbilia mashambani kwao, kwa sababu hawakupewa sehemu zao. Nehemia hakuitisha maombi ya kuwaombea waliorudi nyuma. Aligombana na wakubwa. Aliwauliza wao kwa nini nyumba ya Mungu imeachwa. Kisha akawarudisha waimbaji mahali pao, watu wakaleta nafaka ghalani, na akaweka waaminifu wa kugawa.

Nimehubiri kitabu cha Nehemia mara nyingi, karibu kila tukianza ujenzi. Ukuta naujua jiwe kwa jiwe. Sura ya 13 nilikuwa nikiisoma kwa ajili ya fungu la kumi tu, nikaruka waimbaji. Ukirudi 1 Mambo ya Nyakati 9, mstari wa 33, utakuta waimbaji wale walikaa katika vyumba vya hekalu na walikuwa wameachiliwa kazi nyingine zote, maana kazi yao ilikuwa ya mchana na usiku.

Najua kuna watakaonitolea Mathayo 10, habari ya kupokea bure na kutoa bure. Ni neno la kweli. Lakini someni mistari inayofuata, Bwana anawaambia wanafunzi wasibebe pesa kwa sababu mtenda kazi ana haki ya chakula chake, yaani aliwatuma mahali ambapo watalishwa. Sisi tunamtuma kijana bila pesa na hatumlishi. Halafu sisi wachungaji tunajua vizuri sana mistari ya kumtunza mtumishi ikiwa mtumishi ni mimi. Siku ya kumthamini mchungaji tunaitangaza miezi miwili mapema.

Mwingine atasema kanisa lake ni dogo, la mabati, washiriki 40, sadaka inaisha kwenye kodi ya uwanja. Kaka, nakuelewa, nami nilianzia hapo. Nikurudishe tena kwa Bach. Alipotoka Arnstadt mwaka wa 1707 kwenda kanisa la Mühlhausen, mapatano ya ujira wake hayakuwa ya pesa tupu. Yalikuwa na nafaka, na kuni pia, tena kuni za kuletwa mpaka mlangoni. Nani kati yetu hapa Nakuru hawezi hilo? Mna washiriki wenye mashamba Bahati na Njoro, wakati wa mavuno mahindi yamelala uani. Mna mama wa viazi kutoka Molo na Elburgon. Mna mshiriki mwenye nyumba ya kupangisha na chumba kimoja kimekaa tupu. Gunia la mahindi, debe la viazi, kodi nusu, huo ni ujira, ukiandikwa na ukatolewa kwa tarehe yake. Tatizo letu ni kwamba hatuandiki. Tunampa kijana kama tunavyompa ombaomba, leo tukijisikia, kesho hapana.

Kuna wapiga vyombo wanaozungusha makanisa kama dalali, Jumapili hii wako kwako kwa sababu ya kule wameongezewa 500. Hao wapo, na mazoezini hawaji. Lakini ni nani aliyewafundisha kuishi kwa kubahatisha? Mkono mtupu haulambwi, na tumeinyoosha mikono mitupu kwa miaka mingi.

Bach alikufa tarehe 28 Julai 1750, amekuwa kipofu baada ya kupasuliwa macho. Siku chache baadaye barazani mkubwa mmoja akasema shule inahitaji mwalimu wa kuimbisha, haihitaji bwana mkubwa wa muziki. Mjane wake, Anna Magdalena, alikuwa mwimbaji wa kulipwa kabla ya kuolewa, na mkono wake ndio ulionakili nyingi ya kazi za mumewe. Aliishi miaka 10 baada yake, akafa 1760 akiwa mtu wa kupokea sadaka za maskini katika mji uleule ambao mumewe aliuchezea kila Jumapili. Mwaka wa 1829 Mendelssohn, kijana wa miaka 20, aliimbisha Berlin ule muziki wa Bach wa mateso ya Kristo kwa Mathayo, na dunia ikaanza kumkumbuka. Leo mwanafunzi wa muziki popote anapofundishwa kupanga sauti nne, anafundishwa kwa nyimbo zake. Yote mema. Lakini Anna Magdalena hakula sifa ya 1829.

Jumatano iliyopita baraza letu limekaa tena. Nilisoma Nehemia 13 polepole, nikanyamaza. Yule mzee wa methali ndiye aliyezungumza wa kwanza, akasema yeye atatoa magunia mawili kila mavuno. Tumeandika shilingi 6,000 kwa mwezi kwa mpiga kinanda, kila tarehe 5, na mtunza hazina amesaini.

Alhamisi nilipanda matatu nikaenda Naivasha. Nilimpa bahasha kwanza, ya miaka ile, ingawa haitoshi. Nikamwomba msamaha. Nikamwambia pia habari za kile kijitabu. Hakusema atarudi. Alisema atafikiria, kwa sababu pale hotelini ana mkataba mpaka Desemba, na mkataba ni neno lake.

Jumapili hii tutaimba bila kinanda. Na kabla ya neno, nitashika maiki ileile nitangaze kwamba kijana yule hakurudi nyuma, sisi ndio tuliomwacha, na yale maombi niliyoyaongoza nayaondoa.